Theluji ya Mbali na Safari ya Mikumi

Ndugu wananchi wa Kilosa na Mikumi,

Huenda mkashangaa kwamba nimekuja kuzungumzia theluji mahali ambapo kinachokwamisha safari ni mafuriko ya mto Mkondoa. Lakini Desemba na Januari, wageni mnaowatarajia hapa, na vijana wetu wanaorejea kutoka masomoni Ulaya, huweza kukwama Amsterdam au kwingineko kwa sababu ya barafu iliyoganda juu ya mbawa za ndege.

Barafu hiyo, hata ikiwa nyembamba tu na yenye kukwaruza kama msasa, huvuruga mkondo wa hewa na kuipunguzia ndege nguvu ya kupaa. Tarehe 13 Januari 1982 ndege ya Air Florida ilianguka katika mto Potomac, Washington, muda mfupi baada ya kuruka. Watu 78 walifariki, na barafu ilikuwa miongoni mwa sababu. Ndiyo maana ndege hunyunyiziwa kimiminika cha moto chenye glikoli kabla ya kuondoka. Kinga yake ni ya muda. Foleni ikirefuka huku theluji ikiendelea, kazi hurudiwa. Rubani anayekataa kuruka katika hali hiyo hastahili lawama.

Lawama yaweza kuwapo kwingine. Je, abiria alipewa chakula na malazi? Kwa safari inayoanzia nchi ya Umoja wa Ulaya, Kanuni Namba 261 ya 2004 hulitaka shirika litoe huduma hizo safari inapochelewa kwa saa kadhaa, hata chanzo kikiwa theluji. Fidia ya fedha ni jambo jingine: hali mbaya ya hewa huweza kuliondolea shirika wajibu huo. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imeuridhia, nao hulisamehe shirika lililochukua hatua zote za busara. Mzigo ukichelewa, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 21 tangu abiria alipokabidhiwa.

Kinachoumiza zaidi ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mgeni akiikosa ndege ndogo ya kutoka Dar es Salaam kuja Mikumi, aliyoilipia peke yake, kwa kawaida shirika lililomchelewesha halimtafutii nyingine. Afadhali tiketi moja. Isipowezekana, alale Dar es Salaam usiku mmoja. Wenye nyumba za wageni, mwelezeni hayo anapoagiza chumba, si anapofika amechoka.

Mwenye malalamiko aliandikie kwanza shirika, akihifadhi tiketi na risiti zote. Asiporidhika, alifikishie Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga.