Merikebu ya Sultani na Mtumbwi wa Nyamirembe

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu katika hafla ya maadhimisho ya hekalu)



Nimeombwa nizungumzie starehe za mtu aliyestaafu. Nimechagua chombo cha majini, kwa kuwa wengi wenu ni wajukuu wa watu waliovuka bahari kwa jahazi kutoka Mandvi na Porbandar, wakisukumwa na kaskazi. Tena, kijana mmoja wa hapa alinionyesha kwenye simu picha ya Azzam, yoti iliyoundwa Ujerumani na kukamilika mwaka 2013, yenye urefu wa mita 180. Viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa ndipo vinaizidi. Akaniuliza, “Mwalimu, mwenye chombo hiki anakosa nini?” Siku ile sikuwa na jibu.

Nilipofika nyumbani nikaikumbuka merikebu ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliviangamiza vyombo vyake. Baadaye akavutiwa na manowari ya Waingereza iliyoitwa Glasgow, akaagiza ya kwake kutoka Uskoti, yenye jina hilohilo. Ilikamilika mwaka 1878, ikiwa na mbao za msaji, milingoti mitatu na mizinga. Inasimuliwa kwamba ilipowasili haikumpendeza. Ikatia nanga mbele ya kasri, na huko ikazeeka. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, manowari za Waingereza zikaizamisha palepale. Milingoti yake iliendelea kuchomoza majini hadi mwaka 1912 mabaki yalipoondolewa. Naamini wavuvi wa Unguja waliipita kila siku na ngalawa zao, wakienda na kurudi na kitoweo.

Yoti za leo zinasafiri zaidi kuliko ile, nakubali. Lakini wenye kazi hiyo hukadiria kwamba kuitunza kwa mwaka mmoja hula kama sehemu moja ya kumi ya bei yake: mishahara ya mabaharia, mafuta, rangi, bima, ada za bandari. Tajiri huja siku chache, akaondoka. Wanaoishi ndani ya chombo ni waajiriwa wake.

Msidhani namcheka. Mimi mwenyewe nimekuwa sultani mdogo. Nilipostaafu ualimu huko Ngara, sehemu ya kiinua mgongo niliinunulia boti ya faiba yenye mashine na kivuli cha turubai. Mke wangu alitaka tuezeke nyumba upya, sikumsikiliza. Katika miaka miwili niliingia ziwani mara nne. Mara nyingine mashine ilikuwa kwa fundi, mara nyingine petroli ilinishinda, na mlinzi alidai mshahara wake kila mwezi, boti itembee isitembee. Usiku nilikuwa nikiamka kuwaza kama mashine imeibwa. Niliiuza kwa hasara, na mvua za mwaka ule zikatukuta tukitega masufuria chini ya paa linalovuja. Mke wangu yumo humu ukumbini. Kwa hili naomba radhi mbele yenu.

Fedha kidogo zilizobaki baada ya kuezeka niliziunganisha na za jirani yangu mvuvi. Tukapata mtumbwi wa mbao wenye tanga, pale Nyamirembe, bandari iliyokuwa yetu sisi wa Biharamulo kabla wilaya ya Chato haijatengwa. Mwenzangu ndiye nahodha. Mimi nilizaliwa ukingoni mwa Ruvubu, karibu na unapokutana na Kagera juu ya maporomoko ya Rusumo, na kule tulijua kafi tu. Ya tanga nimejifunza uzeeni.

Ziwa la upande wetu lina desturi yake. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu na kukusukuma nje. Mchana hugeuka, ukatoka ziwani na kukurudisha nyumbani. Siku ikiwa njema huhitaji hata tone la petroli. Unashika demani mkononi, na kamba inakuambia upepo unavyotaka kufanya kabla tanga halijapiga kofi. Unasikia maji yakipita chini ya ubao ulioutia kalafati wewe mwenyewe, na unajua ni mshono upi unaovuja. Nadhani hicho ndicho anachokosa mwenye Azzam: hana anachoruhusiwa kukishika.

Sisemi ziwa ni mahali pa kuchezea. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mkoani Kagera ni nyumba chache ambazo hazikuguswa na msiba ule. Jaketi la kuokolea navaa kila mara, ingawa mwenzangu hunitania kwamba nafanana na gunia la kahawa. Mawingu yakijikusanya, tunabaki nchi kavu na kunywa chai.

Msimu huu tanga letu limechakaa; viraka vimekuwa vingi kuliko kitambaa chenyewe, na tunachangishana kununua turubai jipya. Kijana wangu wa Azzam nimemwalika Jumamosi ijayo. Nimemwambia awe ufukweni saa kumi na moja alfajiri, aje na sweta, na asisahau kopo la kufulia maji.