Kovu la Moyo na Dawa ya Majani

Mazungumzo ya afya kwa wakimbizi na wenyeji, Mahango, Wilaya ya Kasese



Leo tunazungumza juu ya kovu. Ukikatwa na panga, kidonda kinapona lakini ngozi ya pale inabaki ngumu. Moyo nao hupata kovu. Moyo ni nyama laini: inatanuka ijae damu, kisha inajibana kuisukuma. Penye kovu panakakamaa. Ndipo mgonjwa anahema akipanda mlima, na miguu na tumbo vinavimba.

Mwaka 1948, huko Kampala, Daktari J. N. P. Davies aliandika juu ya mioyo iliyofunikwa na kovu kwa ndani. Baadaye madaktari waliuliza kama muhogo unahusika. Haijathibitishwa. Hata hivyo, muhogo mchungu una sumu: umenye, uloweke siku tatu au zaidi, uanike juani, ndipo utwange. Usile ugali wake mtupu. Ongeza maharagwe, karanga au dagaa.

Kovu la pili huanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, anapona, na baada ya wiki mbili au tatu anapata homa, na magoti yanavimba. Hiyo ni homa ya rumatiki. Ikirudi mara kwa mara, milango ya moyo inapata makovu na haifungi vizuri.

Wengi mnauliza: je, majani yanaweza kulainisha kovu hilo? Mimea ina nguvu, hatubishi. Digoksini, dawa ya moyo, ilitokana na mmea wa Ulaya. Daktari William Withering wa Uingereza aliandika juu ya matumizi ya mmea wa jamaa yake mwaka 1785. Inausaidia moyo kupiga kwa nguvu, lakini haiondoi kovu, na kipimo kikizidi inaua. Ule mti wa maua ya manjano unaopandwa kuzungushia nyumba una sumu ya jamaa hiyo. Msiuchemshe. Nayo binzari, katika maabara, imepunguza kovu katika mioyo ya panya. Lakini panya si mtoto wako. Hakuna jani lililothibitishwa kuondoa kovu katika moyo wa mtu.

Tunachoweza ni kuzuia. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao milango ya mioyo yao ilikuwa imeanza kuharibika waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kati ya waliochomwa, waliozidiwa walikuwa 3, kati ya wasiochomwa, 33.

Kwa hiyo tunawaomba:

1. Mtoto akiumwa koo na kuwa na homa, mpelekeni kituo cha afya mapema.

2. Aliyeandikiwa sindano za kila mwezi asikatize, hata akionekana mzima anacheza mpira.

3. Mkihamishiwa kambi nyingine, bebeni kadi ya sindano pamoja na kadi ya chakula. Mkifika, ionyesheni kwa muuguzi siku za kwanza.

4. Ukinywa dawa ya majani, mwambie muuguzi ni ipi. Hatakugombeza. Anataka isigongane na dawa aliyokupa.

Mwenye swali na aulize.