Mpe Mteja Habari Mbaya Mapema

Hotuba ya afisa wa mawasiliano ya kaunti katika mafunzo ya wafanyabiashara wadogo na wanakandarasi

 

Nimeombwa nizungumzie mawasiliano ya biashara, nami nimechagua sehemu ambayo hakuna anayeipenda: kumwambia mtu habari mbaya. Mzigo hautafika. Bei imepanda. Zabuni umeikosa. Kazi imeisha.

Desturi ya nyumbani tunaijua. Mzee akifariki kijijini, mwanawe aliye Nairobi hupigiwa simu akaambiwa mgonjwa amezidiwa, aje. Ukweli anaupata akishafika, akiwa amezungukwa na watu wake. Huo ni utu, na siupingi. Mwana huyo hana la kubadilisha. Kilichobaki ni kumkinga asipokee pigo peke yake barabarani. Lakini dukani mambo ni tofauti, kwa sababu mteja bado ana la kufanya. Anachohitaji ni muda.

Chukua fundi anayeshona sare za shule. Desemba amepokea oda zinazoshinda cherehani zake, na kufikia katikati ya mwezi anajua kabisa kwamba hatamaliza. Mzazi akiuliza anaambiwa "njoo kesho", kisha "njoo Ijumaa". Januari shule zinafunguliwa, mtoto hana sweta. Angeambiwa mapema, mzazi angetafuta fundi mwingine au angenunua iliyo tayari. Fundi atasema hakutaka kumuudhi mteja. Mimi nadhani hakutaka kurudisha pesa. (Mafundi mlio hapa, poleni, najua si nyinyi.) Mficha maradhi kilio humfichua, na mwaka ujao mzazi huyo hupiti mlangoni pako.

Sasa ujumbe wenyewe. Wengi huandika hivi: "Mteja wetu mpendwa, tunathamini sana ushirikiano wako. Kutokana na sababu zisizoepukika, kumekuwa na mabadiliko kidogo katika ratiba. Tunaomba uvumilivu wako." Mzigo unakuja lini? Hajasema. Ni nani aliyechelewa? Hajasema. Hayo maneno "sababu zisizoepukika" ningeyapiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka.

Jaribu hivi: "Habari ya asubuhi, mama. Sweta mbili za mtoto hazitakuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa. Nilipokea oda nyingi kuliko uwezo wangu, na kosa ni langu. Naweza kukupa moja tarehe 2 Januari, au nikurudishie pesa zako zote leo. Niambie unapendelea lipi."

Tuliosomea uandishi wa habari tulifundishwa kuweka jambo kuu katika sentensi ya kwanza. Kwa habari mbaya naruhusu salamu itangulie, maana kwetu ujumbe usio na salamu ni tusi. Lakini jambo lenyewe lisipite sentensi ya pili. Na kama ni pesa nyingi, usitume ujumbe. Piga simu, kisha uthibitishe kwa maandishi.

Kuna mahali ambapo hili si suala la adabu pekee. Ukitaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, Sheria ya Ajira ya 2007 inakutaka kwanza umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake hapo. Ukipunguza wafanyakazi kwa kuwa kazi imepungua, toa notisi ya mwezi mmoja au malipo ya mwezi huo, umjulishe afisa wa leba, na ulipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliokutumikia. Kumwondoa mtu kwenye kundi la WhatsApp si notisi.

Nasi wa serikali hatujaachwa nje. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka waliokosa zabuni wajulishwe kwa maandishi wakati uleule mshindi anapojulishwa, waambiwe nani ameshinda na kwa nini wao wamekosa. Ukiona umeonewa, una siku 14 za kwenda kwa bodi inayosikiliza malalamishi ya zabuni. Barua ya kukosa zabuni ikikaa mezani kwa mtu, wewe ndiwe unayeumia. Na Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa kiutawala ukiathiri haki yako, unastahili kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hivyo ukinyimwa kibali cha biashara, usikubali kuambiwa "imekataliwa" ukaenda zako. Omba sababu, na uziombe kwa barua.

Barua ya zabuni ikikufikia, andika juu yake tarehe uliyoipokea kabla hata hujaisoma.

Sasa maswali. Naona mkono kule nyuma.