Pai Darasani: Kupima na Kuthibitisha

Mradi wa pai unafahamika katika shule nyingi. Wanafunzi huleta vikombe, sufuria na magurudumu ya baiskeli, huzungusha uzi kupata mzingo, hupima kipenyo kwa rula, kisha hugawanya mzingo kwa kipenyo kupata pai. Jibu likikaribia 3.14 mwalimu huridhika, na somo huishia hapo. Hoja yangu ni kwamba mradi wa namna hiyo umeachwa njiani. Kazi yake kubwa ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba kupima ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine, na kwamba hisabati inahitaji yote mawili.

Tuanze na kupima. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 20 ina mzingo wa karibu sentimita 62.8. Mwanafunzi akikosea milimita 2 tu, akasoma kipenyo kuwa 19.8, atapata 3.17; akisoma 20.2, atapata 3.11. Kosa hilohilo kwenye gurudumu la sentimita 60 humweka kati ya 3.13 na 3.15. Majibu yote yakiandikwa ubaoni pasipo kufutwa hata moja, darasa litaona kwamba yanakusanyika mahali pamoja, duara liwe dogo au kubwa, na kwamba vitu vikubwa huyasogeza karibu zaidi. Hata hivyo, uzi na rula vina kikomo. Tofauti kati ya pai na 22/7 ni takribani 0.0013; ili kuiona kwenye gurudumu lile, kipenyo kingepaswa kupimwa bila kukosea hata robo ya milimita.

Kikomo hicho ndicho kinachodai uthibitisho. Ahmose, mwandishi wa Misri wa karibu mwaka 1650 KK, alikokotoa eneo la duara kwa mraba wenye upande wa 8/9 ya kipenyo, sawa na kuchukua pai kuwa karibu 3.16. Kanuni yake ilifaa kazi, ila haisemi imekosea kwa kiasi gani. Archimedes, katika karne ya 3 KK, alilibana duara kwa maumbo yenye pande nyingi, ndani na nje, kuanzia pande 6 hadi 96, akathibitisha kwamba pai inazidi 3 na 10/71 lakini haifiki 3 na 1/7, yaani 22/7. Kwa hiyo 22/7 tunayoitumia kila siku ni ukuta wa juu ambao pai haiufikii. Hatua ya kwanza ya kubana namna hiyo haimshindi mwanafunzi: pembesita yenye pande sawa iliyochorwa ndani ya duara ina mzingo wa vipenyo 3 kamili, na mraba unaolizunguka una 4. Pai imeshabanwa kati ya 3 na 4, na rula haijaguswa.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi na madarasa yamejaa. Lakini mradi mmoja unaunganisha sehemu, desimali, wastani na jiometri, na wingi wa wanafunzi unaongeza vipimo vya kulinganisha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba majibu yanayotofautiana yatamchanganya mtoto, basi heri apewe 22/7 akariri. Mtoto huyo atafaulu pale mtunzi wa mtihani alipochagua vipenyo vinavyogawanyika kwa 7, huku akiamini kwamba pai ni sehemu, jambo ambalo mwanahisabati Johann Lambert alionyesha katika miaka ya 1760 kuwa haliwezekani.

Kwa hiyo nawaomba walimu tubadili namna ya kusahihisha. Tukitoa alama kwa ukaribu wa jibu na 3.14, tunamfundisha mwanafunzi kurekebisha vipimo vyake kwa siri ili vilingane na kitabu. Aliyepata 3.11 akaeleza kosa lake limetoka wapi na lina ukubwa gani, huyo ndiye anayestahili alama za juu.