Matembezi ya Usiku

Usiku mmoja wa mwezi Mei nilisimama kando ya barabara ya London nikiwatazama maelfu ya wanawake wakipita kwa hatua za haraka, vifuani wamevaa sidiria zilizotariziwa shanga, manyoya na maua ya kitambaa. Nakiri kwamba mara ya kwanza niligeuza uso, kama ambavyo angefanya mtu yeyote aliyelelewa pwani.

Matembezi hayo huitwa MoonWalk, nayo ni ya kilomita 42, masafa kamili ya marathoni. Mwanzilishi wake ni Nina Barough, aliyekiongoza kikundi cha wanawake 13 mwaka 1996 kutembea, wala si kukimbia, katika marathoni ya New York, ili kuchangisha fedha za kupambana na saratani ya matiti. Wazo lile lilipomjia hakuwa na habari ya ugonjwa wowote mwilini mwake. Haukupita muda mrefu akagunduliwa kuwa na saratani hiyo hiyo. Alitibiwa, na mwaka 1998 matembezi ya usiku yakaanza hapa London.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikigusa kivimbe titini mwake akiwa anaoga. Hakikumuuma, na hapo ndipo penye hila ya maradhi haya, kwani mara nyingi mwanzoni hayana maumivu. Akakisitiri chini ya kanga kwa miezi minane. Hata dada zake hakuwaambia. Alipofika hospitali, maradhi yalikwisha kutambaa hadi kwapani na mapafuni.

Hakuwa peke yake. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti katika Afrika Mashariki hufika kwa daktari ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, ilhali uvimbe ukionekana mapema huweza kuondolewa na mtu akaishi. Uvimbe mwingi wa matiti, tena, si saratani kabisa. Lakini anayeweza kulibainisha hilo ni daktari, si jirani. Ngozi inayobonyea, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, hayo nayo yasingojwe. Wanaume pia hupatwa, ingawa ni wachache mno.

Je, nasi tutembee na sidiria Kariakoo au Mombasa? Sidhani. Kanga yatosha, nayo ina bahati ya kubeba maneno: titi lingeweza kutajwa pale kwenye jina la kanga, mahali tunapotajana kwa mafumbo kila siku.

Alfajiri nilipanda treni ya chini ya ardhi. Mbele yangu alikaa bibi wa makamo, viatu mkononi, nyayo zimejaa malengelenge. Mgongoni alikuwa amebandika karatasi yenye jina la mwanamke mmoja, na chini yake neno moja tu: mama.