Nani Ashike Ufunguo wa Mawimbi? Msingi wa Kisheria wa Mdhibiti Huru wa Utangazaji

Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la mawakili na mafundi wa mitambo tu: ni nani mwenye haki ya kutoa na kunyang'anya ruhusa ya kutangaza kwa redio na televisheni, na mamlaka hayo anayapata wapi.

Makanisa hayahitaji kufundishwa maana ya kunyamazishwa. Mwaka 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipigwa marufuku kwa kufichua udanganyifu uliofanywa katika kura ile. Hata hivyo, jarida laweza kufichwa chini ya godoro na kupitishwa mkono kwa mkono. Redio haifichiki. Inahitaji masafa, na vituo viwili vikitumia masafa yale yale mahali pamoja, hakuna asikiaye lolote. Kwa hiyo lazima awepo mgawaji. Hilo hatulibishi. Tunalouliza ni mgawaji huyo awe mtumishi wa nani.

Katika enzi ya chama kimoja jibu lilikuwa jepesi: mtumishi wa Serikali. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilifutwa Desemba 1991 na vyama vikawa vingi, lakini redio haikuwa nyingi. Kituo cha kwanza cha FM cha binafsi kilisikika Nairobi mwaka 1996. Mapatano ya wabunge ya 1997 yaliliwekea Shirika la Utangazaji wajibu wa kuwa na usawa kati ya vyama. Mwaka uliofuata sheria ikaunda Tume ya Mawasiliano, na marekebisho yaliyotiwa sahihi Januari 2009 yakauweka utangazaji chini yake waziwazi. Zote zilikuwa hatua, lakini hazikumwondoa waziri mlangoni.

Msingi wenyewe uliwekwa na Katiba ya 2010, nasi tunawasihi mkisome Kifungu cha 34 polepole, kama msomavyo Maandiko katika vikundi vyenu. Kinakataza Dola kudhibiti watangazaji, kuwaingilia, au kumwadhibu mtu kwa maoni au kwa yaliyomo katika matangazo. Kinaruhusu leseni, lakini kwa ajili ya kupanga matumizi ya mawimbi na njia nyingine za kusambaza matangazo tu, na taratibu za leseni hizo ziwe huru. Kisha kinaliamuru Bunge kutunga sheria ya kuunda chombo kisichotawaliwa na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara, kinachowakilisha maslahi ya sehemu zote za jamii. Zingatieni neno wafanyabiashara. Mwenye kituo tajiri naye hastahili kumshika mdhibiti mfukoni, hasa katika nchi ambamo wanasiasa nao humiliki vituo.

Bunge lilipitisha sheria zake mwaka 2013. Moja ilihusu Baraza la Vyombo vya Habari. Nyingine iliigeuza Tume kuwa Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria hii ya pili yatamka kwamba Mamlaka itakuwa huru. Lakini geuzeni ukurasa mtazame waliowekwa kwenye bodi: mwenyekiti huteuliwa na Rais, wamo makatibu wa wizara watatu, mmoja wao wa usalama wa ndani, waliosalia huteuliwa na Waziri. Waziri huyo huyo aweza kuipa Mamlaka miongozo ya kisera. Uhuru uliotamkwa katika kifungu kimoja umepunguzwa katika kifungu kinachofuata. Isitoshe, Mamlaka haimo katika orodha ya tume za Sura ya Kumi na Tano, ambazo wanachama wake hawaondolewi ila kwa sababu zilizotajwa na baada ya uchunguzi wa jopo maalum, na ambazo Bunge lazima lizitengee fedha za kutosha.

Matunda yake tumeyaona. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, matangazo ya KTN, NTV na Citizen yalikatwa. Mahakama Kuu iliamuru yarudishwe, na bado siku zikapita skrini zikiwa nyeusi. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, ikitaja Kifungu hicho hicho cha 34. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo. Mara zote mbili hakimu wa dharura alikuwa mahakama, kwa sababu ndani ya mdhibiti hapakuwa na mtu wa kusema hapana.

Wapo watakaotukumbusha ghasia za 2007 na 2008, na lawama zilizozielekea baadhi ya redio za lugha za mama. Twawajibu kwamba Katiba hailindi uchochezi wala matamshi ya chuki. Mchochezi ashtakiwe kwa jina lake, ajitetee. Kuuzima mtambo ni kumwadhibu msikilizaji, ambaye usiku wa hatari ndipo anapoihitaji redio zaidi.

Afrika Kusini walilitambua hili mapema. Walitunga sheria ya mdhibiti huru wa utangazaji mwaka 1993, kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994, maana hakuna upande uliokuwa tayari kumwachia mwingine mawimbi wakati wa kampeni. Katiba yao nayo inataka mdhibiti wa namna hiyo awepo.

Kwetu kazi iliyobaki ni ya sheria ya kawaida, wala haihitaji kura ya maoni. Makatibu wa wizara waondolewe kwenye bodi. Wanachama wateuliwe kwa mahojiano ya hadharani, na makanisa, misikiti, vyama vya wafanyakazi na wanasheria wawe na sauti katika uteuzi. Asiwepo wa kuwaondoa bila uchunguzi. Na kituo kisizimwe kabla ya kupewa sababu kwa maandishi na nafasi ya kusikilizwa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi Bungeni. Tunapendekeza kila parokia na kila kikundi kiandike ombi lake, kwa maneno yake, na kumpelekea mbunge wa eneo lake nakala kabla ya kampeni za uchaguzi ujao kuanza.