Kijana Mwenye Nyaya Mkobani



Nakivubo, katikati ya jiji la Kampala, ni mahali pa kila biashara. Upo mfereji unaopeleka maji machafu ya jiji hadi Ziwa Viktoria, lipo soko la Owino, na kipo kiwanja cha mpira ambacho sheria ya mwaka 1953 ilikifanya ukumbusho wa watu wa Uganda waliokufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baina ya meza za wauzaji aghalabu huonekana, siku za Jumamosi, mteja wa namna ya pekee: kijana wa shule ya sekondari, mwenye shilingi chache mfukoni, akichagua rezista, dayodi, spika kuukuu na bodi ya redio iliyokwisha kufa. Muuzaji humwona msumbufu, kwani hununua kidogo na kuuliza mengi.

Mali hiyo kijana huificha katika sanduku lake la bweni, chini ya madaftari. Kengele ya alfajiri, gwaride la asubuhi, hesabu, posho na maharagwe, masomo ya jioni. Katika ratiba hiyo saa ya kuunganisha nyaya kwa risasi (ile ya mafundi, si ya bunduki) huibwa tu. Hata hivyo mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi atende kwa mikono na kufanya miradi, wala si kukariri kanuni ya Ohm na kuisahau baada ya mtihani. Kijana huyo, basi, hafanyi upuuzi.

Kenya inao mfano unaojulikana. Richard Turere, mtoto wa wafugaji wa Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, aliifungua redio mpya ya mama yake hata isifae tena. Mama alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini kwa ujuzi huo, akiwa na umri wa miaka 11, alichukua betri kuukuu ya gari, kibamba cha umeme wa jua, kifaa cha kumulikia ishara za pikipiki na balbu za tochi, akatengeneza taa zilizowaka kwa zamu kuzunguka zizi. Simba walidhani mtu anatembea na tochi, wakakaa mbali na ng'ombe. Mwaka 2013 aliyaeleza hayo huko Marekani mbele ya wasomi.

Askari naye anayo kumbukumbu yake. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu ya Kyadondo na Kabalagala yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 16 Novemba 2021 yalilipuka mengine karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na karibu na Bunge. Aliyeyaona hayo halaumiwi kwa kushtuka waya unapochungulia mkobani mwa mpita njia.

Shida huanza baada ya kushtuka. Mwezi Septemba mwaka 2015, katika mji wa Irving, Texas, mwanafunzi wa miaka 14 alipeleka shuleni saa aliyoitengeneza nyumbani. Alisema tangu mwanzo kwamba ni saa. Alifungwa pingu, akatolewa shuleni, na mwishowe hakushtakiwa kwa lolote. Mwezi uliofuata jamaa zake walitangaza kuhamia Qatar. Mji ulipata sifa ambayo hakuna mkuu wa polisi angeitamani.

Kijana anayependa ufundi ukimwuliza kifaa chake hufanya kazi gani, husema kuliko alivyoulizwa. Huonyesha michoro katika daftari na kumtaja mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu huyo yafaa apigiwe simu. Mkoba usio na mwenyewe ni jambo jingine kabisa: huo haufunguliwi, watu huondolewa, na wataalamu wa mabomu huitwa.

Ziko pia hatari za kweli ambazo kijana hapaswi kuachiwa. Betri ya simu iliyovimba huweza kulipuka moto bwenini. Transista moja, koili, kapasita chache na betri ya volti 9 hutosha kurusha sauti katika masafa ya FM, kati ya megahezi 88 na 108. Na kila askari wa mawasiliano anajua kwamba juu kidogo ya 108 ndiko yanakoanza masafa ya redio za ndege. Mtambo ulioundwa ovyo huhama masafa yake bila mwenyewe kujua. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 hairuhusu kurusha matangazo bila leseni. Kijana wa namna hiyo huelekezwa kuunda redio ya kupokea, ambayo haimsumbui mtu.

Ikilazimu kumpeleka kituoni, Sheria ya Watoto ya Uganda imekwisha kuweka mipaka. Aliye chini ya miaka 12 hana jinai. Polisi wanaweza kumwonya mtoto na kumwachia bila kesi. Wazazi au walezi huarifiwa. Hachanganywi na watu wazima mahabusu, wala hawekwi zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani. Vifaa vyake visivyo na kosa yafaa virudishwe vyote, hata ile bodi ya redio iliyokufa.